Ufa na Tundu

Mtu akaaye Kinanira, mtaa wa kusini mwa Bujumbura uliolala baina ya mto Muha na mto Kanyosha, milima ya Mumirwa ikiwa nyuma yake na Ziwa Tanganyika likiwa mbele yake, hana sababu ya dhahiri ya kushughulisha fikira zake na theluji. Kwani joto la mji wake, mwaka kwa mwaka, huzunguka nyuzi 24, na mlima mrefu kuliko yote ya Burundi, yaani Heha, haufikii hata nusu ya kimo cha Kilimanjaro. Hata hivyo dunia imewatawanya watu wa mtaa huu: kuna waliokimbia vita, kuna waliofuata elimu, kuna waliofuata waume au wake zao, na wengi wamejikuta katika miji ambayo wenyeji wake huuhesabu mwaka kwa majira ya baridi, Montreal na Ottawa, Gatineau na Buffalo, Portland na Brussels. Hivyo theluji, ambayo macho yetu hayajaiona, imekwisha kuingia katika dua zetu za usiku; na jambo limwombeshalo mzazi dua, haifai akae bila ya kulijua.

Elimu niliyo nayo mintarafu ya jambo hili chanzo chake ni mpwa wangu, aliyehamia Gatineau angali kijana. Jioni moja ya Januari alinipigia simu akasema, "Mjomba, jana tumefundishwa kujenga nyumba ya theluji, tena tumelala humo humo." Nilidhani ananifanyia mzaha, nikamwuliza mtu hulalaje ndani ya kitu kile kile kinachotaka kumwua. Akacheka, akanieleza hatua kwa hatua. Na maelezo yake, ambayo baadaye niliyalinganisha na maandiko ya wenye kujua, nayaweka hapa kwa utaratibu, kwa sababu yamenifunza juu ya nyumba yangu ya matofali zaidi ya nilivyotazamia.

Kwanza huchaguliwa mahali. Pasiwe chini ya mteremko mkali ambao theluji yake yaweza kuporomoka, wala chini ya matawi yaliyolemewa, wala katika kibonde ambamo hewa ya baridi hushuka na kutuama usiku. Kisha theluji huchotwa kwa sepetu ikarundikwa mpaka kipatikane kichuguu chenye kimo cha mtu, na katika kuirundika huchanganywa ile ya juu na ile ya chini, kwa kuwa chembe zenye baridi mbalimbali zikikutana hushikamana vizuri zaidi. Baada ya hapo hufuata kazi ambayo vijana huiona ngumu kuliko zote, nayo ni kungoja: kwa muda wa saa moja na nusu au mbili, au zaidi kama nafasi ipo, kichuguu huachwa kitulie na chembe zake zigandane, maana atakayeanza kuchimba kabla ya wakati huo huenda akaangukiwa na dari yake mwenyewe. Saa hizo zikiisha, huchomekwa pande zote vijiti vyenye urefu wa sentimita 30 hivi, na mchimbaji, akiingia kwa mlango mdogo ulio upande usiopigwa na upepo, huchimba ndani mpaka zitokeze ncha za vijiti, ndipo hukoma. Na kwa hila hiyo nyepesi ukuta wote hupata unene mmoja bila ya kipimo kingine. Mwenziwe hubaki nje muda wote, sepetu mkononi, ili jengo likibomoka awepo wa kumfukua.

Mchimbaji huvua koti lake wakati wa kazi, jambo ambalo mgeni wa baridi huliona kichaa, lakini lina hikima kubwa: jasho ni adui aliyevaa sura ya rafiki, kwa kuwa nguo iliyolowa wakati wa joto la kazi ndiyo itakayomwibia mtu joto lake baada ya kazi kwisha. Dari hulainishwa iwe kuba isiyo na vinundu, ili maji ya theluji iyeyukayo yatiririke ukutani yasimdondokee mlalaji. Kitanda huachwa juu zaidi ya upeo wa mlango, kwani hewa ya moto hupanda na ya baridi hushuka, na ile ya baridi ikishuka hutuama katika shimo la mlangoni isimfikie mtu; na juu ya kitanda hutandikwa matawi, mikeka au mifuko, maana kitu baridi kinachoguswa na mwili huunyang'anya joto upesi kuliko hewa iliyotulia. Mwisho huwekwa alama nje, kitambaa chenye rangi kali au fimbo ndefu, ili watafutao waone. Na sepetu huingizwa ndani, isije ikafukiwa mlangoni pamoja na njia ya kutokea.

Siri ya jengo hili zima ni hewa. Theluji mpya, ijapokuwa huonekana kitu kizito chenye kujaa, sehemu yake kubwa, aghalabu tisa kwa kumi, ni hewa iliyofungiwa baina ya chembe. Na hewa iliyozuiliwa isitembee ni miongoni mwa kinga bora za baridi, sawasawa na hewa iliyomo katika sufi ya godoro. Mwili wa mtu aliyepumzika hutoa joto kiasi cha taa ya umeme ya wati 100, na joto hilo dogo, likizuiwa katika chumba kidogo, latosha kuifanya hali ya ndani ikaribie sifuri, hata kama nje baridi imeshuka nyuzi 30 chini yake. Wainuit wa kaskazini ya Kanada waliijua hesabu hiyo karne nyingi kabla ya kuandikwa na yeyote, nao walikata kwa kisu matofali ya theluji iliyoshindiliwa na upepo, wakayapanga kwa mzunguko uliopanda ukijipinda mpaka kileleni, na njia ya kuingilia wakaizamisha chini ya sakafu.

Nilipodhani kwamba mpwa wangu amemaliza, akasema, "Bado tundu, Mjomba." Katika dari, kwa mshazari kidogo, hutobolewa tundu lenye upana wa ngumi lipitalo unene wote wa ukuta mpaka nje; na fimbo huachwa karibu na kichwa cha mlalaji, ili kila azindukapo usiku alizibue, iwapo theluji inyeshayo imeliziba. Pasipo tundu hilo, pumzi ya waliolala huichakaza hewa ya ndani. Na kama mna mshumaa au jiko, huzalika humo kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na ambayo humwua mtu bila ya kumwamsha. Mjenzi aliyetumia saa nne kuziba kila njia ya upepo humaliza kazi yake kwa kuufungulia upepo njia moja, naye asipofanya hivyo, kazi yote ya nyuma imekuwa ya kujitengenezea jeneza.

Neno hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu nimelelewa, kama walivyolelewa wasomaji wangu, juu ya methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya kweli, nayo imeokoa nyumba nyingi. Lakini methali, kama sultani, ina mipaka ya himaya yake, na mtu aipelekaye nje ya mipaka hiyo hupotoka huku akijiona mwenye busara. Ufa hutokea bila ya idhini ya mwenye nyumba, hujipanua wenyewe, na hauna mtu aujuaye mpaka siku ya hasara. Tundu limekusudiwa, limepimwa, lina mahali pake na lina mlinzi mwenye fimbo. Mwenye hofu huviona vitu hivi viwili kuwa kimoja, akaziba vyote. Mwenye uvivu naye huviona kuwa kimoja, akaviacha vyote wazi. Usalama, kadiri nilivyojaliwa kuufahamu, ni ujuzi wa kutenganisha cha kuzibwa na cha kuachwa, na ujasiri wa kutoboa hata pale ambapo hofu inataka pafungwe kabisa.

Asidhani msomaji kwamba mambo ya theluji ni mageni kwa Afrika Mashariki. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, alipouona weupe wa Kilimanjaro Mei 1848, wako waliokaa London wakamkanusha, wakisema theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Ilhali Wachaga walikuwa wamekwisha kuilipia kwa roho za watu. Katika habari alizozipata Rebmann huko mlimani mlikuwamo kisa cha Mangi Rungua wa Machame, ambaye zamani alituma watu wapande wakauchungue weupe ule, uliodhaniwa kuwa fedha. Na katika msafara wote alirudi mmoja akabaki hai, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Watu hao hawakukosa ushujaa wala miili yenye afya. Walichokosa ni maarifa ya mahali waendapo, na mahali pa kujisitiri walipofika huko. Na ushujaa usio na sitara, katika nchi ya baridi, hufupisha njia ya kufa.

Hans Meyer alipofika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, hakufanikiwa kwa kuwa na kifua kipana kuliko waliomtangulia. Safari zake za awali zilishindwa, na mara hii alipanga kambi kwa ngazi, chakula kikapandishwa toka Marangu kwa zamu za wapagazi, na katika kambi ya juu, kwenye kimo cha mita 4,300 hivi, akakaa Mwini Amani, mtu wa Pangani aliyezaliwa penye joto la pwani, akilinda hema na kutafuta kuni siku nyingi katika baridi ile. Msaada ulikuwa na njia ya kuja, na wenye kuchoka walikuwa na njia ya kurudi. Meyer huyo huyo alizuru Burundi mwaka 1911, akaandika juu ya Warundi kitabu kilichotoka mwaka 1916, hivi kwamba jina lake limeunganisha theluji ya Kilimanjaro na milima yetu isiyo na theluji.

Karibu nasi zaidi iko milima ya Ruwenzori, katika ukingo wa bonde kuu lile lile linalolibeba Ziwa Tanganyika. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi kutoka Italia, alipokwenda kuvipanda vilele vyake, aliweka makao yake Bujongolo, kwenye kimo cha mita 3,800 hivi, chini ya mwamba uliojikunja ukafanya paa. Na Wabakonzo waliomchukulia mizigo walijua toka kwa wazee wao namna ya kulala chini ya miamba ya aina hiyo na kuota moto. Chini ya mwamba namna hiyo mvua huzuiwa na upepo hupunguzwa, lakini upande mmoja u wazi, na moshi hujiendea zake. Mlalaji hukosa starehe, ila haamki maiti.

Nimeyataja haya ya kale ili tuyaelewe ya karibuni. Januari 1998 mvua ya barafu ilinyesha kwa siku kadhaa mashariki mwa Kanada, ikavika nyaya na matawi ganda zito la jalidi mpaka minara ya umeme ikapinda na kuanguka, na mamilioni ya watu wakabaki gizani katika kilele cha baridi, wengine kwa majuma. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watu ambao baridi haikuwagusa: waliingiza ndani majiko na mashine za kuzalisha umeme, wakaziba madirisha na milango wasipoteze joto, na joto lile lile likawaua. Siku za Krismasi mwaka 2022, mji wa Buffalo katika jimbo la New York, ambamo wamo Warundi na Wakongo wengi waliopelekwa huko kama wakimbizi, ulipigwa na dhoruba iliyomimina theluji zaidi ya mita moja na kuua watu zaidi ya 40 katika mji na viunga vyake. Wengine walikutwa ndani ya motokaa zao, wengine njiani, wengine katika nyumba zilizokatikiwa umeme, na kwa muda mrefu magari ya kuokoa hayakuweza hata kutoka.

Kwa ajili ya siku kama hizo, wenyeji wa nchi za baridi hufundishana kanuni fupi ambazo nawasihi wazazi wa Kinanira wawasomee watoto wao kwa simu. Aliyenaswa na dhoruba akiwa garini asitoke kwenda kutafuta nyumba asiyoiona, kwa kuwa gari huonekana upesi kuliko mtu. Aiwashe mashine dakika kumi hivi katika kila saa, si zaidi, lakini kabla ya kuiwasha kila mara ahakikishe kwamba bomba la moshi halikufukiwa, na afungue dirisha kidogo upande usio na upepo. Afunge kitambaa chenye rangi nje. Ndani ya gari pawepo siku zote blanketi, sepetu ndogo, maji, chakula kisichohitaji kupikwa, na taa ya betri. Mwenye kusoma kanuni hizi kwa makini ataona ya kuwa tundu limerudi mara tatu: katika bomba, katika dirisha, na katika kitambaa kile, ambacho ni njia ya habari kutoka ndani kwenda nje.

Sasa turudi Kinanira. Hapa hatuna theluji, ila tuna jiko la makaa, liitwalo imbabura katika kila ua, na tuna usiku wa mvua za Machi na Aprili ambapo baridi ya milimani hushuka, mtoto akakohoa, na mama, kwa huruma, akaliingiza jiko chumbani, akafunga dirisha. Watu wengi huamini kwamba makaa yakisha kuwa mekundu na moshi kukoma, hatari imekwisha. Na imani hiyo ni kinyume cha ukweli, kwa kuwa moshi uonekanao ndio uonyao, na kaboni monoksidi haionyi. Chumba kilichofungwa cha Bujumbura na pango la theluji la Gatineau ni ndugu wa damu katika jambo hili. Jiko na libaki nje. Na ambaye hana budi kuliingiza kwa kupasha chumba joto, alitoe kabla ya watu kulala, na dirisha liwe wazi wakati wote liwapo ndani.

Hatari yetu kubwa zaidi, hata hivyo, ni maji. Milima ya Mumirwa ni mikali na imevuliwa miti yake, na mvua ikinyesha juu huko, mito yetu hugeuka ghafla kutoka vijito vya kuvukwa kwa miguu ikawa mafuriko yenye kubeba mawe. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa iliyateremshia mitaa ya kaskazini ya mji, Gatunguru hususa, maji na matope yaliyoua watu zaidi ya 60, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao. Upande wetu wa kusini, mto Kanyosha na mto Muha imekuwa ikizila kingo zake, na uchimbaji wa mchanga na mawe umeisaidia mito katika kazi hiyo. Makorongo yamesogelea viwanja ambavyo wenyewe walivinunua wakidhani viko mbali na maji.

Na sisi tumejibu kwa kuta. Kinanira ni mtaa wa kuta ndefu na malango ya chuma, na sina haki ya kulaumu jambo hilo, kwa kuwa mji uliopitia vita vilivyoanza mwaka 1993, na misukosuko ya 2015 ambayo mtaa huu na Musaga jirani yake iliionja, una sababu zake za kupenda ukuta. Lakini ukuta uliojengwa kukata mteremko hupokea mambo mawili, watu na maji, na fundi aliyefikiria watu peke yao amejenga bwawa asilolijua. Maji yaliyoloweza udongo nyuma ya ukuta huusukuma kwa uzito unaokua kila saa ya mvua, mpaka ukuta uanguke wote kwa mara moja, aghalabu juu ya mtu aliyejificha upande wa pili. Mafundi wenye elimu yao huacha katika ukuta wa namna hiyo vitundu vya kutolea maji, mfululizo wa mabomba madogo karibu na chini, na nyuma yake wakaweka kokoto ili udongo usiyazibe. Nimewaona wenye nyumba wakiviziba kwa saruji, kwa sababu vilikuwa vikitoa matope na kuchafua njia; walidhani wanaziba ufa.

Ziwa lenyewe latufundisha fundisho hilo kwa kiasi kikubwa zaidi. Tanganyika, ziwa la pili duniani kwa kina, lina njia moja tu ya kutokea maji yake, nayo ni mto Lukuga upande wa Kongo, penye mji wa Kalemie. Stanley alipoupima mlango huo mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na mafunjo, na ziwa lilikuwa likipanda. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita kumi hivi. Maji yale yalipopanda tena katika zama zetu, yakafika kilele chake mwaka 2024, yaliingia Kibenga, chini yetu tu, na huko Gatumba familia nyingi zilihama zikiacha nyumba ndani ya maji. Mvua nyingi ndiyo sababu. Lakini ziwa lenye mlango mmoja mwembamba halina haraka ya kuzitoa, na aliyejenga ufukweni alijenga akihesabu miaka ya ukame peke yake.

Lililobaki ni tundu ambalo halitobolewi kwa nyundo. Serikali ya Kanada huwataka watu wake wawe tayari kujitegemea kwa saa 72 baada ya maafa, kila mtu na maji yake lita mbili kwa siku, chakula, dawa, taa na redio ya betri. Shauri hilo linatufaa pia sisi, ambao maji ya bomba ya Regideso huweza kukatika hata pasipo maafa: mabidoni yaliyojaa na kufunikwa, tochi badala ya mshumaa, kitambulisho cha karangamuntu na hati za kiwanja ndani ya mfuko wa plastiki mahali pa juu, dawa za mgonjwa wa nyumba, noti ndogo ndogo, na filimbi. Kila mtu wa nyumbani, pamoja na mtumishi na mtoto, ajue ni mahali gani pa juu watakutana wakitengana, na ajue kwamba maji yaendayo kasi hayavukwi: yakifika magotini yaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 60 yaweza kuichukua motokaa. Lakini saa 72 ni kipimo cha kujitegemea, nacho kwa dhati yake chakiri kwamba kujitegemea kuna mwisho. Saa ya 73 ni ya jirani. Na jirani hataweza kuja, kama lango limefungwa kwa ndani, kama mlinzi wa usiku hana ufunguo, kama nyumbakumi hajui kwamba katika nyumba ile mna bibi asiyeweza kutembea, kama watu wawili waliotenganishwa na ukuta mmoja kwa miaka kumi hawana hata namba ya simu ya mmoja na mwenziwe.

Najua mtu atasema kwamba haya yote yako katika kudra ya Mungu, na kwamba aliyeandikiwa kufa kwa maji hafi kwa moto. Simpingi, ila nitamkumbusha kwamba tawakali ni daraja ambayo mtu huipanda baada ya kufanya lililo katika uwezo wake, na kwamba fimbo ya kuzibua tundu iliwekwa karibu na mkono wa mwanadamu, si mahali pengine.

Sababu ya kuyafanya maandalizi haya mapema ni nzito kuliko tabia njema ya kutopenda haraka. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35, kinachotangulia kuharibika ni hukumu ya akili; mtu huchanganyikiwa, huacha kutetemeka, na wako ambao huvua nguo zao katikati ya theluji wakidhani wana joto. Kaboni monoksidi huanza kwa kuumiza kichwa na kuleta usingizi, hata mtu akakosa nia ya kuinuka wakati ambapo kuinuka peke yake kungalimwokoa. Maji ya usiku huleta giza na kelele, na mwenye hofu hurudi ndani kuchukua godoro. Maafa ya namna zote tatu humpokonya mtu akili kwanza, kisha uhai, na kwa hiyo akili itakayotumika saa hiyo ni ile iliyowekwa akiba katika siku za kiangazi, ikiwa imekwisha kugeuka tundu, mfereji, bidoni na namba ya jirani.

Mvua za Septemba haziko mbali kamwe. Kabla hazijafika, mwenye ukuta auzunguke akavizibue vitundu vyake na kuziba nyufa zake, akijua kipi ni kipi. Mwenye jiko awaambie wa nyumbani mwake, hata yule mdogo, mahali ambapo jiko halitalala. Na mwenye jirani agonge lango lake, aulize hali, aache namba. Kazi hizo tatu hazihitaji fedha nyingi wala ruhusa ya ofisi yoyote, zinamalizika katika alasiri moja, na hapana hata moja kati yake iwezayo kufanywa usiku ule zitakapohitajiwa.